Mashine Isiyo na Mahindi

Mdomo wa Fausta ulikuwa umeanza maisha yake. Mwenyewe kanyamaza, wenyewe unatafuna. Ulimi nao unatoka nje kuchungulia wageni. Wajukuu walicheka, naye akawaacha wacheke. Kilichomuuma ni yaliyomkuta kanisani. Jumapili hiyo Ponsian, mdogo wa marehemu mumewe na katekista wa kigango chao pale Litapunga, alimfikia na Ekaristi, akaurudisha mkono.

"Shemeji, unatafuna karanga? Kabla ya kukomunika tunafunga saa nzima."

"Karanga gani? Meno yenyewe nimebakiza mawili."

"Yanachapa kazi, nayaona."

Waliokuwa nyuma yake wakacheka. Fausta akarudi kwenye benchi bila komunyo. Nyumbani akakitazama kikopo cha vidonge kwa jicho baya, akivishuku kuwa ndivyo vinavyouchezesha mdomo. Vidonge hivyo ndivyo vilivyozinyamazisha sauti za kichwani zilizokuwa zikimpeleka porini pekupeku. Lakini akili imtulie halafu anyimwe komunyo? Akaapa havimezi tena.

Bahati nzuri kesho yake alipita Scola, muuguzi wa zahanati. Fausta akamweleza yote, mdomo ukimsindikiza.

"Bibi, usiviache ghafla, zile sauti zitarudi na mizigo yao. Ukitumia dawa hizi miaka mingi, zinaweza kuuchezesha mdomo hivyo. Twende Mpanda, daktari akubadilishie taratibu."

"Utatulia?"

"Pengine utapungua tu. Sikudanganyi."

"Basi tukirudi, tupitie kwa shemeji yangu. Mimi hanisikii, anaangalia meno."

Daktari akabadilisha dawa. Ponsian naye alipoelezwa na Scola, akajikuna kisogo.

"Kumbe mashine inazunguka tu, mahindi hamna?"

"Hamna hata pumba," akasema Fausta.

Jumapili iliyofuata mdomo ulikuwa bado unasaga. Ponsian akamsogelea mbele ya watu wote, hakuuliza kitu.

"Mwili wa Kristo."

"Amina."

Fausta akarudi kwenye benchi akipiga vigelegele vya moyoni.

Halafu yakaanza matangazo. Matangazo ya Ponsian ni marefu kuliko barabara ya Inyonga. Fausta akafungua fundo la kitenge chake, akatoa karanga za kukaanga, akatia mdomoni moja, ya pili, akatafuna bila haraka. Vijana wa kwaya wakaanza kuchekeana.

Ponsian akasimamisha matangazo, akawakazia macho.

"Nyie, acheni kumcheka mama wa watu. Ni dawa hiyo."

Fausta akainamisha kichwa kwa unyenyekevu, akatia ya tatu.