Ini Bichi la Bi Mwanamvua

Barua ya kunirudisha kwenye ufagio ilikuwa tayari mezani. "Ijumaa, Wilbrod," alisema Daktari, mkuu wa maabara. "Ini likifika limeharibika tena, natia sahihi."

Ilikuwa mwaka 1953. Katika maabara yetu ndogo pale Kibaha tulitafuta kimeng'enya, kile kichocheo cha ndani ya ini kinachoifungua kolesteroli iliyoshikamana na mafuta. Kikifanya kazi, ukitia dawa, unga mweupe hutuama chini ya chupa. Mara tatu nilikwenda Kisarawe kwa baiskeli kuchukua ini la mbuzi, nikapewa limekwisha fungwa majani, nikalitia kwenye barafu; mara tatu likafika limepauka, unga hakuna. Daktari akadai ninalala njiani barafu ikiyeyuka. Mimi! Nilivyopanda vilima vile mpaka magoti yakalia! Iliniuma sana.

Ijumaa asubuhi Mzee Shomari, mchinjaji, alinikaribisha barazani kama kawaida, akaenda kuchinja mbuzi wake wawili. Mgeni hukaa na kahawa yake, hasimami uani kama anayevizia nyama. Siku hiyo uvumilivu ulinishinda. Nikaacha kikombe, nikazunguka nyuma ya nyumba.

Mkewe, Bi Mwanamvua, alikuwa amekatakata ini la mbuzi wa kwanza, anachovya vipande kwenye maji yanayotokota.

"Mama, unafanya nini?" nilipiga kelele.

"Shikamoo yako iko wapi?"

"Shikamoo. Unafanya nini?"

"Marahaba. Mgeni atoke kwangu na nyama inachuruzika damu? Huko Kibaha watanionaje?"

Kumbe! Kimeng'enya hakistahimili moto, na mama wa watu alikuwa akikiua kwa heshima zake. Nikamweleza. Akanuna, lakini ini la mbuzi wa pili akanipa bichi.

"Haya, beba damu yako. Na usimwambie mtu imetoka kwangu."

Nilikanyaga baiskeli kama mwendawazimu. Tulilisaga ini, tukasubiri saa mbili, Daktari akatia dawa. Unga ukaanza kushuka, mweupe, mwingi, kama wa muhogo. Nilipiga kigelegele, mwanamume mzima. Daktari akaichana barua vipande vinne.

"Leo umefanya nini tofauti?"

"Nimewakosea adabu wenyeji wangu, Bwana."

Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akanipa kalamu niandike kwenye chupa ini lilikotoka. Nikaandika kwa herufi kubwa: KWA BI MWANAMVUA, KISARAWE. Aninunie tena akitaka.