Casimir Hanunui Asichokikagua

Loretta Zawadzki alikuwa amezoea kumsikia mumewe akibishana na watu juu ya nguruwe. Hakutegemea tu kwamba siku moja angebishana nao akiwa amelala chali hospitalini, mipira puani, na nguruwe mwenyewe ndiye dawa.

Casimir alikuwa na bucha sokoni hapo Baltimore kwa miaka arobaini na mmoja. Wiki ya Pasaka foleni ya soseji zake ilitoka nje ya soko na kupinda kona, watu wakaja na viti vya kukunja na kahawa zao, wakapiga soga mpaka zamu ifike. Sasa moyo wake ulikuwa umechoka, umechoka hasa. Kwenye orodha ya wanaongoja moyo wa binadamu walimkataa, mara umri, mara figo. Kilichobaki kilikuwa moyo wa nguruwe, nguruwe aliyebadilishwa jeni kadhaa ili mwili wa mtu usiukatae moyo wake. Serikali ilishatoa kibali cha dharura. Ilibaki saini ya mgonjwa, na mwisho wake ulikuwa saa kumi jioni hiyo hiyo. Bila saini, Casimir alikuwa na wiki mbili, pengine na siku za nyongeza.

Saa nane na nusu, mgonjwa akauliza, "Nguruwe mwenyewe yuko wapi?"

"Shambani, kule milimani Virginia," alijibu Daktari Feinblatt, mpasuaji wake, mwanamke mfupi aliyesimama kama mtu mwenye teksi inayomngoja nje.

"Nataka kumwona."

"Haonekani, bwana Zawadzki. Hata mimi sijamwona. Wanaomlisha wanaoga kabla ya kuingia bandani, na mpaka nguo za ndani wanavaa za shamba."

"Basi ni msafi kunizidi. Lakini mimi sinunui nisichokikagua."

"Hununui!" Loretta aliruka kutoka kitini. "Unapewa! Mtu anapewa uhai, yeye analeta maringo ya sokoni!"

"Cha kupewa ndicho cha kukagua zaidi."

Loretta alitamani kumpiga na mto. Alimjua. Kila Jumatatu mwanamume huyu aliendesha gari mpaka kwa wafugaji, na kabla hajamgusa nguruwe aliuliza mambo matatu: anakula nini, nani anamlisha, na je, anakuja akiitwa? Mfugaji akibabaika, Casimir alirudi garini bila hata kuaga. Ila nyuma ya hasira zake Loretta alikuwa na hofu tupu. Hakutaka kurudi kwenye nyumba ile akaandae sahani moja.

"Daktari," alisema, "huko shambani hakuna simu?"

Daktari Feinblatt alitazama saa ya ukutani. "Hili halimo kwenye utaratibu," alisema, na huku anasema hivyo kidole chake kilishaanza kubonyeza namba. Aliweka simu juu ya blanketi, sauti wazi.

Aliyepokea aliitwa Twyla, mlishaji wa zamu. Casimir hakupoteza muda na salamu.

"Anakula nini?"

"Vidonge vya nafaka vilivyopikwa kuua vijidudu. Tufaha hajawahi kulionja, maskini."

"Nani anamlisha?"

"Mimi. Na mwenzangu siku za mapumziko yangu."

"Anakuja akiitwa?"

Twyla akasita. "Hapa haturuhusiwi kuwapa majina. Wana namba tu."

"Sikukuuliza jina, dada."

"Haya. Nikipiga mluzi anakuja. Anakuja mbio mpaka anateleza na kunigonga magoti."

Casimir alicheka, cheko la kwanza baada ya wiki tatu, mpaka mashine pembeni ikaanza kulia na Daktari akainyamazisha. Loretta alishachomoa kalamu kwenye mkoba.

"Ngoja kwanza," Twyla akasema. "Na mimi nina langu. Huwa siambiwi wanakwenda kwa nani. Leo nimempata mtu wa kumuuliza. Wewe mzee ulikuwa unafanya kazi gani?"

Daktari alinyoosha mkono akate simu. Casimir akamshika kiganja. Loretta alimwomba mumewe kwa macho: sema dereva, sema fundi bomba, sema chochote.

"Mchinjaji," alisema Casimir. "Wa nguruwe. Miaka arobaini na mmoja."



"Ndiyo sababu sisaini," aliendelea, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Haya ya kukagua ni kelele zangu tu. Naona haya. Nimekula kwa mgongo wao maisha yangu yote, nimelea watoto kwa mgongo wao. Sasa hata wa kuniokoa awe mmoja wao? Kwa uso gani?"

Loretta akaketi taratibu. Wiki nzima amemwita mkaidi, punda, kichwa cha mbao, na kumbe mtu alikuwa amebeba jambo hili kifuani, juu ya moyo mbovu. Alimwonea huruma na papo hapo akamkasirikia kwa kutomwambia yeye kwanza.

"Walikuwa wanaogopa?" Twyla aliuliza.

"Wengine. Akiogopa niliweka kisu chini, nikamkuna nyuma ya sikio mpaka atulie. Baba yangu alinitukana sana kwa hilo. Wateja wamejaa, yeye anapiga kelele, mimi ng'o."

Walimsikia Twyla akivuta kamasi.

"Sasa nisikilize, mzee. Kesho alfajiri zamu ni yangu. Nitamkuna mpaka dawa ya usingizi imshike. Na wewe ukiamka, utembee. Usije ukamlaza nguruwe wangu kwenye kochi mbele ya televisheni."

"Nitatembea, mama. Nakuahidi."

Alisaini saa kumi kasoro dakika nne. Loretta aliushika mkono wake kwa chini.

Upasuaji ulichukua saa tisa. Siku ya tatu walimtoa bomba la kupumulia, na midomo yake haikuuliza saa wala watoto.

"Alitulia?"

Loretta angeweza kusema ndiyo tu. Badala yake alipiga simu, akaiweka sikioni mwa mumewe. Sauti ya Twyla ilisikika mpaka kwake.

"Alitulia, mzee. Alilala kichwa mapajani kwangu."

Casimir alifumba macho, machozi yakaingia masikioni, hakuyafuta. Kisha akamgeukia muuguzi. "Nisimamishe."

"Kesho, babu. Leo pumzika."

"Sikukuahidi wewe," Casimir alisema, na mguu mmoja ulikuwa tayari nje ya shuka.