Nzi wa Mei wa Mto Wend

Krr. Kimya. Krr, krr.

Bryony alifumbua macho gizani akatega sikio. Sauti ilitoka jikoni, chini ya ngazi, ndogo kama ya panya anayetafuna ubao, lakini haikuwa ya panya. Aliijua tangu utotoni: ni kigurudumu cha mshipi wa kuvulia, kikizungushwa polepole kwa kidole cha baba yake. Alimfunika vizuri binti yake Tilda, aliyelala kifudifudi, nywele za kisogoni zimelowa jasho la usingizi, kisha akashuka bila viatu.

Mzee Amos Tarrant alikuwa amekaa mezani bila kuwasha taa. Mwisho wa Mei giza la kwao halikai sana. Dirishani weupe ulishaanza kuingia, kama maziwa yaliyotiwa maji mengi. Mbele yake palikuwa na fimbo ya mwanzi ya kuvulia, kitambaa na kopo la mafuta.

"Unakitia mafuta ukakitumie?" Bryony akauliza.

"Nakitia mafuta nisikirudishe na kutu. Si changu, ni cha nyumba kubwa."

"Baba."

"Usinianze, Bry. Chai ipo kwenye birika."

"Chai ya tangu saa ngapi hiyo? Nyeusi kama buti."

"Basi inywe kama dawa."

Bryony akajimiminia, akakunja uso, akakaa. Hakuwa na la kumwambia ambalo hajalisema wiki nzima. Mzee alikuwa ametamka, na akitamka huyo ni kama amepiga msumari: nzi wa Mei, wale wadudu wenye mabawa wazaliwao majini, wasipotoka Kona ya Mierebi kabla mwezi haujaisha, atamrudishia Bwana Peregrine, mwenye mto, ufunguo wa banda la mtoni, na ulinzi wa mto apewe mtu mwingine. Mwezi ulikuwa unaisha siku hiyo.

Na si ufunguo tu. Katika ukumbi wa nyumba kubwa ya Marlcombe, katikati ya pembe za kulungu na picha za mbwa wa kuwinda walioandikwa majina yao kama watu, juu kidogo ya magongo ya kriketi waliyochezea mababu, kuna makasha ya vioo yenye samaki aina ya trauti, wakubwa, waliokaushwa wakapakwa rangi. Chini ya kila samaki kuna jina. Halikuandikwa jina la mwenye nyumba, bali la mlinzi wa mto wa siku zake: Tarrant, na Tarrant, na Tarrant tena. Bryony alipokuwa mdogo akipelekwa pale siku ya Krismasi, alikuwa akisimama mbele ya vioo hivyo mdomo wazi, hata keki akaisahau mkononi.

Ndiyo mila ya Marlcombe. Siku ya kwanza ya nzi wa Mei ni ya mlinzi. Mwenye milki anashuka mtoni kwa miguu yake, anabeba wavu wa mkono, anasimama nyuma ya mlinzi kama mtumishi. Na hakuna mtu, hata awe mgeni wa kutoka London mwenye fimbo ya bei ya farasi, atakayetia ndoana majini mwaka huo kabla mlinzi hajarusha. Siku zote nyingine Amos anasema, "Ndiyo, Bwana Mkubwa." Siku hiyo moja Bwana Mkubwa ndiye husema, "Ndiyo, Tarrant."

Mwaka juzi na mwaka jana siku hiyo haikuwepo.

Kosa lilifanyika mwaka juzi, mapema masika, Bryony akiwa na mimba ya Tilda imefika kooni. Amos alitaka kuufanya mto uwe kama alivyoukuta akiwa kijana: changarawe nyeupe inayoonekana hadi chini, maji kama kioo cha saa. Kona ya Mierebi ilikuwa imejaa tope. Alijua vizuri kwamba nzi wa Mei huishi topeni miaka miwili kabla ya kupata mabawa. Mlinzi gani asiyejua hilo? Ila tope lile alilidhani ni takataka za mashamba zilizoletwa na mvua, tope bovu lisiloweza kulea kitu. Akalichota kwa koleo siku baada ya siku, akalirundika ukingoni, na kona ikang'aa hata wapita njia wakasimama kuitazama.

Jioni moja Bryony alimkuta amesimama mbele ya lile rundo, koleo limemponyoka. Rundo lilikuwa linatikisika. Watoto wa nzi wa Mei, wasiohesabika, walikuwa wanajinyonganyonga humo wakikauka, na mabata wamelizunguka wakila kwa raha zao. Amos aliinama akaanza kuwarudisha majini kwa viganja, tope hadi viwikoni, mpaka usiku ukamkuta. Tangu hapo hakukanyaga tena Kona ya Mierebi. Alikata majani ya mto sehemu za juu, akatengeneza madaraja, lakini akifika karibu na kona aligeuza njia, na kazi ya kona ikawa ya Bryony.

"Penye mizizi ya mierebi koleo halikufika," Bryony alisema sasa, kwa mara ya kumi na ngapi sijui. "Tope lilibaki pale."

"Tope la kujaza ndoo."

"Na nzi wa kwa jirani, huko juu ya mto, walikuja kutaga mwaka uleule. Niliwaona kwa macho yangu, nimembeba Tilda kifuani, mchanga kabisa."

Mzee akakipangusa kigurudumu, akakizungusha mara moja zaidi. "Mwanangu, matumaini yako yangekuwa kuni, tusingeona baridi nyumba hii."

Saa sita mchana Bryony akamchukua Tilda, mkate wa jibini na chupa ya maji, akashuka mtoni. Hewa ilikuwa nzito na tulivu, mawingu yamekaa chini. Alifika akamkuta Bwana Peregrine Chaldecott ameshawasili, ameketi juu ya gogo na koti lake la sufu lenye viraka viwikoni, wavu wa mkono magotini. Alikuwa mzee kuliko Amos, mwembamba kama korongo, na daktari alishamkataza mteremko ule.

"Umekuja kwa miguu, Bwana Mkubwa?" Bryony akashtuka.

"Nimekuja kwa matako, sehemu kubwa. Nyasi zinateleza." Akamkonyeza Tilda. "Huyu ndiye mlinzi wa leo?"

Tilda akajificha nyuma ya mguu wa mama yake.

"Baba anataka kurudisha ufunguo," Bryony akasema.

"Nimesikia. Hawezi. Sina msumari wa kuutundika."

"Hafanyi mzaha, bwana."

"Wala mimi." Mzee akautazama mto. "Alikuja mwenyewe kuniambia, unajua? Kofia mkononi, tope limemkaukia mikononi. 'Nimewaua, Bwana Mkubwa.' Nikamwambia, Tarrant, baba yangu aliwahi kumpiga risasi mpishi akidhani ni kanga. Mtu hukosea. Hakucheka."

"Mpishi alikufa?"

"Aa wapi! Kitako kiliuma wiki moja, akawa anatupikia chumvi tupu mwaka mzima."

Bryony akacheka. Wakakaa. Maji yalipita. Tilda alikula mkate, akawapa mabata ganda lake, akalala mapajani. Saa nane ikapita. Bryony alikuwa anatazama maji hadi macho yakaanza kumuuma, na moyoni alikuwa anaomba bila kujua anamwomba nani: wachache tu, hata wa kujaza kofia.

Ndipo akamwona mmoja.

Alikuwa anaelea chini ya mierebi, mabawa yamesimama wima kama tanga dogo la ukungu, mikia mitatu mirefu imeinuka nyuma. Akazunguka mara moja juu ya maji, akatetemeka, akapaa. Bryony akanyoosha shingo. Bwana Peregrine naye alikuwa ameinuka, mkono umeshika gogo.

"Wa jirani huyo?" akanong'ona.

"Sijui."

Akaja mwingine. Kisha watatu pamoja. Bryony akamlaza Tilda juu ya koti, akaingia majini na viatu vyake, hadi magotini, hadi mapajani, mpaka kwenye mizizi. Hapo akaona. Maji yenyewe yalikuwa yanafunguka. Kitu cheusi kidogo kinapanda kutoka chini, kinagusa uso wa maji, mgongo unapasuka, na katika pumzi moja anatoka kiumbe mpya wa rangi ya siagi, anasimama juu ya ngozi yake ya zamani kama juu ya mashua, anakausha mabawa ambayo hajawahi kuyatumia. Hapa mmoja, pale mmoja, kule kumi. Akateka ganda moja tupu kwa kiganja. Lilikuwa laini, jepesi kama pumzi ya mtoto.

"Nenda!" Bwana Peregrine akasema. "Nenda, mimi namwangalia mtoto!"

Alipanda kilima mbio, maji yanachuruzika suruali nzima. Amos alikuwa mlangoni anafunga kamba za buti zake ndefu za mpira, tayari kupeleka fimbo na ufunguo nyumba kubwa.

"Wametoka, baba."

"Upepo umewaleta kutoka juu."

"Hakuna upepo leo."

"Bry, niache. Nimeshajiandaa kwa jambo hili. Usiniandae upya."

Alikifungua kiganja chake mbele ya macho ya baba yake. Nzi anaweza kuruka kutoka kwa jirani, ganda haliwezi. Amos alilitazama lile ganda, bado bichi, bado lina tone la maji ndani. Akanyoosha kidole kuligusa, akakirudisha, kama mtu aliyeogopa kumwamsha mtoto.

"Wapi?" akauliza.

"Kwenye mizizi. Na sasa labda kona nzima."

Alishuka mteremko ule akiwa na fimbo mkononi, buti ya mguu mmoja imefungwa na ya mwingine haijafungwa, na Bryony nyuma yake hakuweza kumfikia.

Kufika konani wakasimama wote wawili. Nzi walikuwa wengi sasa, kiasi kwamba hewa juu ya mto ilikuwa na unene. Walipanda kutoka majini kama moshi wa nyumba nyingi, wakatua kwenye majani ya mierebi hadi matawi yakainama, wakatua kwenye kofia ya Bwana Peregrine, kwenye nyasi, kwenye nywele za Tilda aliyeamka na kukaa kimya, mikono imefunguliwa. Miaka miwili gizani bila mtu kuwajua, na sasa siku moja ya mwanga. Hata mdomo wa kulia hawana; hawakuja duniani kula. Mabawa yao hayana sauti, na wingi ule wote usio na sauti ulimfanya Bryony ahisi kama ameingia kanisani watu wakiwa wamesujudu.

Chwap. Chini ya tawi maji yakapasuka, bega la samaki likang'aa, kubwa, kahawia na dhahabu, likazama.

"Umemwona?" Bwana Peregrine akasema, sauti imekwaruza. "Miaka mingapi hatujaona samaki kama yule? Anastahili kioo huyo." Akajivuta, akasimama nyuma ya Amos, wavu mkononi, mgongo umenyooka kadiri ulivyoweza. "Basi, Tarrant. Mimi mtumishi wako."

Amos akautoa mshipi kidogo kidogo. Akafunga mwishoni mwake ndoana yenye nzi wa bandia wa manyoya. Akainua fimbo. Samaki akapasua maji tena, palepale, bila haraka, kama mtu aliye mezani kwake.

Fimbo ikashuka.

"Hapana," Amos akasema.

"Hapana nini?"

"Sitarusha."

"Tarrant, usiporusha wewe, hakuna atakayevua mto huu mwaka mzima. Si mimi, si wageni wangu. Nimeshaalika watu!"

"Waalike kriketi." Amos hakugeuka, macho yalikuwa kwenye maji. "Hao tunaowaona wametoka kwenye ndoo moja ya tope, Bwana Mkubwa. Watu wakianza kukanyaga kona hii leo, wataivuruga kabla nzi hawajataga. Nataka watage kila mahali. Watu warudi mwakani. Nitakuwepo, na ufunguo wangu, kuwafungulia."

Bwana Peregrine alimtazama kisogoni. Bryony alielewa hesabu anayoipiga yule mzee: mwakani ni mbali kwa mtu aliyeshuka kilima kwa makalio. Angeweza kukataa. Mila ilikuwa ya ukoo wake, na mto wake.

"Unajua kwamba huenda nisiwepo," akasema taratibu.

"Najua, Peregrine."

Hakuna Tarrant aliyewahi kumwita hivyo. Kisha yule mzee akaulaza wavu kwenye nyasi, akajishusha akakaa, akapapasa mahali pembeni yake.

"Ndiyo, Tarrant," akasema. "Sasa kaa chini, mkaidi wewe, unanizibia."

Amos akakaa. Bryony naye akakaa, nguo zimemgandia mwilini kwa maji, akamvuta binti yake katikati yao. Samaki alikula, akala, akala. Mkono wa baba yake ulikuja ukamshika begani, mzito, wenye harufu ya mafuta ya kigurudumu, na ukabaki hapo. Nuru ilipenya chini ya mawingu ikapita ndani ya mabawa yale yote, na mto mzima ukawaka.

Tilda akanyoosha kidole kwenye maji, pale penye mizizi.

"Babu," akasema, "wengine bado wanatoka."