Watoto wa Honora Tansey

Upande mmoja wa kichwa cha Anti Colette ulikuwa tayari na rola, upande wa pili nywele zake za mvi zilikuwa bado zinadondosha maji shingoni, alipofungua kompyuta iliyokuwa mapajani na kumwomba Marcelline amsomee. Yeye mwenyewe, alisema, siku hizi akitazama skrini haoni ila ukungu.

Marcelline akafuta mafuta mikononi kwa taulo, akainama begani kwake. Saluni yake ilikuwa kontena lililotobolewa dirisha, kando ya barabara kule Jacobs, mtaa wa viwanda jijini Durban, na Jumamosi mchana, viwanda vikishafungwa, palikuwa patulivu hata mkwaruzo wa kitana ulisikika. Wateja wengine walikuja na hadithi za waume zao. Anti Colette, mwalimu mstaafu wa Wentworth, tangu mwaka huo wa 2011 uanze alikuwa akija na wafu wake. Binti yake aliyehamia Australia ndiye aliyemtumia kompyuta ile, akamweleza kwamba watu wa Ireland wameweka sensa zao za zamani kwenye intaneti, ya 1901 na ya 1911, nyumba kwa nyumba, asome atakaye.

Babu yake, Dominick Tansey, alikuwa Mwairishi. Alifika Durban mwishoni mwa 1911 kufanya kazi ya reli, akamwoa kanisani mwanamke mweusi aliyekuwa akifulia watu nguo huko Umbilo. Wakapata Malachy, ambaye ndiye baba yake Colette, na Winifred. Kisha ile homa kubwa ya 1918 ikamchukua babu, watoto wakiwa hawajajua hata kumkumbuka.

Hayo Marcelline alikuwa ameshayasikia. Ambayo hakuwa ameyasikia, Anti Colette aliyasema siku hiyo, akitazama mlango. Babu alikuwa na kaka yake hapa Durban, ambaye alioa Mzungu. Serikali ilipoanza kuwagawa watu kwa rangi, watoto wa yule kaka walikuja nyumbani kwao na kuomba wasisalimiwe tena barabarani. Na wakati wa kutoka, mmoja wao akasema kwamba Dominick aliacha mke na watoto Ireland, kwa hiyo yule bibi wa jikoni hakuwahi kuwa mke wa mtu. Colette alikuwa na umri wa miaka tisa. Bibi alikuwa anakanda unga. Aliendelea kukanda, mpaka unga ule ukawa mgumu usifae kitu.

"Namtafuta kwenye sensa simwoni," alisema. "Kina Tansey wamejaa, Dominick wa umri wake hayumo. Sasa nimeanza kufikiri hata jina alitudanganya."

Karatasi ya ukimbizi ya Marcelline ilimwita Maselina. Jina la ukoo lilipoteza herufi mbili siku ile ile, kwa sababu karani aliandika alivyosikia na yeye hakuwa na Kiingereza cha kubishana. Mara nyingi aliwaza kwamba mama yake, huko Uvira, Kongo, akija kumtafuta kwa jina alilompa, angeambiwa hakuna mtu kama huyo.

"Anti, tuandike vibaya," akasema. "Tuandike kama mtu aliyekuwa na haraka."

Wakajaribu Tansy. Wakajaribu Tanzey. Walipoandika Tanzy, ikaja nyumba moja ya Sligo, huko Ireland, na ndani yake majina ambayo Anti Colette alikuwa ameyasikia mezani kwao utoto wake wote: mzee Malachy, mkewe Honora, binti Winifred, na Dominick, miaka kumi na tisa. Babu alikuwa amewapa watoto wake wa Durban majina ya baba yake na dada yake.

Kilichobaki kilikuwa kufungua picha ya karatasi yenyewe, iliyoandikwa kwa mkono mwaka 1911. Marcelline akapeleka kidole. Anti Colette akamshika kiganja.

"Malizia nywele kwanza, mwanangu."

Basi akamalizia. Alikunja kila fungu taratibu zaidi kuliko kawaida, akabana, akamvisha wavu. Yule mama akakaa chini ya mashine ya kukaushia amefumba macho, mikono juu ya kompyuta iliyofungwa, kama mtu anayengoja kuitwa na daktari. Mashine ilipozimwa, akasema kwamba kama mke yumo aambiwe yumo, asipakwe asali.

Marcelline akasoma mstari ule kwa kidole. Dominick, mtoto wa kiume. Anajua kusoma na kuandika. Kibarua wa shamba.

"Hajaoa," akasema.

"Soma tena."

"Imeandikwa hajaoa, Anti. Aprili 1911."

Na kabla mwaka ule haujaisha alikuwa ameshashuka bandarini Durban. Anti Colette hakulia. Alicheka kidogo, cheko la kupumua tu, akajifuta pua kwa taulo la saluni. Kisha akataka asomewe na mstari wa Honora, akaambiwa pembeni mwake kuna namba mbili, akauliza ni za nini. Marcelline akapandisha macho hadi juu ya safu. Serikali iliuliza kila mke: umezaa wangapi, wangapi wako hai. Honora alijibu kumi na mmoja, na sita.

Anti Colette akazirudia zile namba. Baadaye alisema miaka yote hii alipanga kwamba siku akiipata karatasi atampigia Desmond, mmoja wa ukoo wa yule kaka wa babu, ambaye bado anaishi Bluff, amsomee mpaka aombe msamaha. Sasa hamu hiyo haioni. Labda ampigie amweleze habari za Honora tu. Maana ni wake pia.

Alipoondoka, nywele zimetulia vizuri na skafu juu, Marcelline alifagia, akaketi kwenye kiti cha wateja na kupiga simu Uvira. Mvua ilikuwa inapiga mabati upande wa pili.

"Iko nini, mwanangu? Uko mgonjwa?"

"Niko mzima, Mama. Wale watoto uliowazika kabla sijazaliwa, walikuwa na majina?"

"Iko mtoto asiye na jina?" mama akasema. "Hakuna mtu aliwahi kuniuliza. Ngoja nikae."

Kigoda kikaburutwa sakafuni. Kisha mama akataja jina la kwanza, polepole, na Marcelline akalirudia kwa sauti ndani ya saluni tupu, akangoja la pili.