Paka wa Shemeji

Mimi paka yule nilimchukia tangu Pasaka, na wala sikuwahi kumwona hata mkia. Aliletwa nyumbani kwetu Mulanda na shemeji yangu Oboth, mdogo wa mume wangu, aliyesoma Makerere na sasa anafundisha fizikia shuleni mjini Tororo. Si paka wa kweli, ni paka wa hadithi. Lakini balaa aliloniletea, loo, hata chui angeona haya.

Mume wangu Oketcho alikwenda vitani Burma na askari wa KAR, jeshi la Mwingereza. Vita vilipokwisha, wenzake wakarudi na makoti yao mazito, yeye hakurudi. Ofisini kwa Di-Si, mkuu wa wilaya, nikaambiwa hajulikani alipo. Hawakusema amekufa, hawakusema yuko hai. Hajulikani alipo! Nikarudi nyumbani na neno hilo, nikaishi nalo miaka tisa.

Kwetu sisi, mtu akipotea na mwili usionekane, huzikwa tunda la mwegea, lile refu, zito, ambalo tunaliita yago. Linafungwa kwa nguo yake, linachimbiwa kaburi, linaliliwa kama mtu. Kabla ya hapo mimi si mke, si mjane. Na nyumba ya mwanamume asiyejulikana alipo haiezekwi na mwanamume mwingine, huo ni mwiko. Paa langu lilikuwa limeoza. Mvua ikinyesha nilikuwa nalala nimekaa, binti yangu nimemfunika kwa ngozi ya ng'ombe, maji yananitiririka mgongoni. Nani ataishi hivyo mpaka uzee?

Kiangazi kile wazee wa ukoo wakakubali tuzike yago. Nikamshukuru Mungu. Ndipo mama mkwe akasimama, kikongwe mwembamba, akasema hapana.

"Mkimzikia yago mtu aliye hai mnamuua huko huko aliko," alisema.

Hilo tulilijua sote, na ndiyo sababu wazee walingoja miaka yote hiyo. Lakini yeye alikuwa na jambo jipya. Pasaka, tukiwa tumeshiba kuku, Oboth alisimulia kwamba Mzungu mmoja msomi alimfungia paka ndani ya sanduku pamoja na chupa ya sumu na chembe ndogo ajabu ya madini. Chembe ikipasuka, sumu inamwagika. Isipopasuka, paka anaishi. Na mpaka sanduku lifunguliwe, alisema, paka ni hai na amekufa, vyote viwili kwa pamoja. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mama mkwe hakucheka.

"Mwanangu yumo sandukuni," akawaambia wazee. "Nusu yake inaishi. Ninyi mnataka kufunua kifuniko mmalizie hiyo nusu. Si mimi ninayesema, ni elimu ya Oboth."

Wazee wakatazamana. Nani abishane na elimu? Wakavaa kofia zao, wakaenda zao.

Nilikasirika. Nikamtumia shemeji ujumbe kwa mtu aliyekuwa akienda sokoni Tororo: njoo umtoe paka wako nyumbani kwangu. Jumamosi akafika kwa baiskeli, vumbi mpaka kwenye nyusi. Mama mkwe alikuwa anabangua njugu. Oboth akaketi mkekani mbele yake, mimi nikasimama mlangoni nimekunja mikono.

"Mama, Pasaka nilisimulia nusu," alisema.

"Basi leta nusu nyingine."

"Yule Mzungu hakuwa na paka wala sanduku. Alikuwa anawabana wenzake. Wao walisema chembe, kitu kidogo kuliko vumbi, inaweza kuwa na hali mbili kwa pamoja. Yeye akawauliza, haya, na paka je? Nilikomea hapo kwa sababu watu walikuwa wanacheka."

Mama mkwe akaacha njugu. "Hiyo chembe ina hali mbili kweli, au ni ninyi tu hamjui?"

"Ina hali mbili kweli, Mama. Tumeipima kwa njia nyingi. Si kutojua kwetu."

"Mpaka itazamwe."

"Mpaka itazamwe. Lakini kutazama si lazima kuwe kwa jicho la mtu. Ni kuguswa. Mwanga ukiigusa na kwenda zake, imeshatazamwa. Hewa ikiigusa, hivyo hivyo. Ndiyo maana hali hizo mbili hazidumu ila kwa vitu vidogo mno, vilivyotengwa mbali na kila kitu."

"Nikitazama kwa imani, siwezi kuifanya ichague uzima?"

"Hapana, Mama. Anayetazama hachagui."

"Na kidogo kinaishia wapi, kikubwa kinaanzia wapi?"

Oboth akainamisha kichwa. "Hapo sijui. Hata walionifundisha wanabishana. Lakini mtu hayumo kwenye ubishi huo. Oketcho si chembe. Huko aliko, upepo ulimgusa, jua lilimgusa, mvua ilimgusa, kila wakati. Jambo lake liliamuliwa siku ile ile. Ama yuko hai, ama amekufa, moja tu. Kutojua kumo vichwani mwetu, Mama. Mwilini mwake hakumo."

Nilitaka kupiga vigelegele. Nilifungua kinywa kabisa. Kisha nikamwona mama mkwe, nikafunga.

"Mvua ilimgusa?" aliuliza.

"Ndiyo, Mama."

"Hata kama alianguka peke yake, porini, katika nchi ya watu?"

"Hata peke yake."

Akajifuta uso kwa ncha ya kanga, polepole, jicho moja kisha la pili. "Kila siku nilikuwa nawaza kwamba mwanangu alikwisha bila kuonwa na chochote," alisema. "Hilo ndilo lililonikaba. Nendeni mkachume yago."

Tulizika Jumanne. Wazee walirudi, padri naye akaja, akakaa mbali kidogo akajifanya anasoma kitabu chake cha sala. Kazi ya kufunga yago ni ya mke. Nililivika shati la Oketcho, lile la harusi, nikafunga vifungo vyote mpaka shingoni. Lilikuwa zito kama mtoto aliyelala. Wanaume walinyoosha mikono kutoka kaburini wanipokee, na mimi, niliyewasihi wazee mwaka mzima nikitaka siku hii, mikono ikakataa kuachia.

Oboth akanisogelea. "Shemeji, wanangoja."

"Na kama yuko hai?" nikamwambia kwa ukali. "Wewe msomi, niambie. Kama yuko hai nami namzika?"

"Kama yuko hai, yuko hai. Anakula, analala. Hili halimfikii, shemeji. Hakuna tunalofanya hapa linalomfikia."

Alidhani ananifariji, maskini. Miaka tisa sikwenda ngomani. Sikucheka na mwanamume. Kumlilia mtu asiyezikwa ni kumtakia kifo, basi hata chozi nililimeza, nikiamini kwamba kwa kujinyima kwangu namshikilia asianguke. Mama mkwe alikuwa na paka wake, nami nilikuwa na wangu, na wangu sikumwambia mtu. Kumbe sikuwa nimeshika chochote. Angeweza kuanguka mwezi wa kwanza, nikiwa huku natwanga wimbi na kuimba.

Yago likachukuliwa, sijui na nani. Nikajikuta chini, mama mkwe kanikumbatia kiunoni, mwenyewe mifupa mitupu, ananitikisa kama anayemwamsha mtu.

"Lia, mwanangu," akaniambia sikioni. "Sasa humuui."