Kivuli cha Gati la Tatu

Gati la tatu lilikuwa tupu, lakini kivuli cha meli kilikuwa kimeshafika. Kilikuwa kimelala juu ya zege kuanzia ukingo wa maji hadi kwenye milango ya ghala, na ubaridi wake ulikuwa mzuri, kwa hiyo wauza karanga na fundi viatu walikuwa wameshagombania nafasi zao. Fundi viatu alipenda upande wa bomba la moshi, maana hapo kivuli ni kizito na hakibanduki upesi. Mfunga kamba wa bandari alikuwa ameshapitisha kamba yake kwenye kigingi cha chuma na kuikaza vizuri, ingawa ncha ya pili ilining'inia majini bila kushika kitu. Kazi ni kazi, alisema. Meli ikija inafungwa.

Mpiga picha alisimama katikati ya hayo yote akifuta chumvi kwenye lenzi kwa kipande cha fulana kuukuu. Kazi yake ilikuwa kuzunguka bandari moja baada ya nyingine, akipiga picha za maji, meli na magati kwa ajili ya kalenda ya kampuni moja ya rangi za meli. Alishapiga bandari zenye ukungu, bandari zilizoliwa na kutu, na bandari ambazo walinzi wake hawakuruhusu kupiga chochote mpaka wapigwe wao kwanza, vifua mbele. Hii ya sasa aliiomba mwenyewe, kwa kuwa ndiko alikoolewa dada yake. Kwao walimwita Kitinda, kwa sababu ndiye aliyefunga uzazi wa mama yao. Alikuwa mwanamke mtu mzima sasa, mwenye mvi zake mbili tatu, lakini dada hakujua kumwita vinginevyo.

"Kitinda, piga yule," dada alisema akionyesha chini. "Yule mwenye feni."

Kivuli cha ngazi ya meli kilikuwa kimetandazwa kwenye zege, na vivuli vya abiria vilikuwa vikishuka, kimoja nyuma ya kingine, na mizigo yao vichwani na mabegani. Vilifika kwenye kipandio cha mwisho, vikasimama hapo. Havikuwa na mguu wa kukanyagia nchi kavu. Nyuma wakazidi kusukumana, kama kawaida ya watu wanaoshuka melini. Katika foleni hiyo alikuwemo mwanamume wa mabega mapana, begi begani, amekumbatia feni ya kusimama kama anayecheza nayo muziki.

Alikuwa shemeji, wala hakuna ubishi. Siku anapanda meli alipiga simu akasema amemnunulia mama yake feni, maana mama kila siku analalamika joto, sasa atafute lingine la kulalamikia. Dada alisogea mpaka kivuli chake kikagusana na cha mumewe begani. Mapanga ya feni yakazunguka kidogo, na pindo la gauni lake likapepea.

"Leo kuna upepo kule," dada alisema.

Mpiga picha akapiga.

Jinsi ilivyokuwa, kila mtu mjini aliijua. Tiketi za safari ile ziliuzwa kana kwamba meli ni mpira, ukiujaza unatanuka. Mabaharia wa meli ya mizigo waliiona ikilala ubavu mchana kweupe, ikazama, nao wakaja kusema walichokiona. Lakini katika kituo cha abiria kulikuwa na ubao wa matangazo, na kwenye ubao huo, mbele ya jina la meli, paliandikwa IMECHELEWA. Mvua zimenyesha zikakata, zikanyesha tena, ubao haukubadilika. Mtu akienda kuuliza alipelekwa kwa meneja wa abiria, bwana mmoja mpole mwenye mashati yaliyonyooshwa mpaka yanasimama yenyewe, naye alikuwa na jibu moja tu. Wanawake waliokuwa wakisubiri watu wao wakampachika jina la Bwana Subirini.

Kwa hiyo hapakuwa na msiba. Msiba wa nini, na watu wako njiani? Nyumbani, mama mkwe alikuwa mtu mwema. Ukweli huo lazima usemwe, alikuwa mwema: alimpa dada kitanda kikubwa, alimfichia nyama akichelewa kurudi kazini, akiumwa alimkanda miguu. Ila kilio hakukitaka ndani ya nyumba yake. "Usinichurie mwanangu," alisema. "Meli imechelewa. Wewe ni wa kwanza kuchelewewa na mume?" Basi dada akawa analia wakati wa kukatakata vitunguu, na nyumba ile ikawa inakula vitunguu vingi kupita kiasi.

Alikuwa anataka kitu kimoja tu duniani. Alimwambia mdogo wake siku hiyohiyo, wamekaa kwenye ubaridi wa kivuli cha sitaha ya nyuma wakitafuna karanga.

"Nataka nilie kama watu," alisema. "Nikae chini, watu waje, waniambie pole, nilie mpaka niishe. Halafu niinuke. Siombi zaidi ya hapo, Kitinda. Mimi si mke, si mjane. Nikicheka wananitazama, nikinuna wananitazama."

"Sasa mbona hamjawaonyesha wakubwa wa bandari hiki?" mpiga picha aliuliza, akigonga kivuli kwa kisigino.

"Tumwonyeshe nani? Bwana Subirini hatoki ofisini, anaogopa jua. Na ukitoa simu hapa kupiga picha, walinzi wanakunyang'anya. Wewe una kibali."

Mpiga picha akaitazama ile zege. Wazo lilikuja lenyewe, tena lilikuwa wazo zuri, yeyote angeliona hivyo. Wakiona kivuli, na wakiona kwamba nyuma yake hakuna meli, watafanyaje? Watakubali kwamba meli haipo. Hata mtoto angekubali.

Akapanda juu ya paa la ghala na stendi yake ya kamera, mabati yakimchoma nyayo. Kutoka huko kivuli kilionekana chote, na ndipo alipokiona kile ambacho mtu aliyekaa ndani yake hawezi kukiona. Meli ilikuwa imejaa kupita akili. Vichwa vilibanana ubavuni, vilibanana ngazini, vilibanana hata juu ya chumba cha nahodha. Watu walikuwa wamekaa juu ya watu. Kivuli kizima kilikuwa kimeinama upande mmoja. Mpiga picha alikuwa amepiga meli nyingi maishani mwake, na hakuwahi kuona watu wanapakiwa hivyo, hata magunia hayapakiwi hivyo. Wanawake wa pale chini walipomwona juu ya paa walielewa. Kila mmoja akaenda kusimama karibu na kivuli cha mtu wake, wakajirekebisha nguo, wakatazama juu.

Akapiga nyingi. Akahakikisha maji yanaonekana, yametulia, matupu. Jua lilipofika utosini kivuli kikajikunja, kikateremka ukingoni na kuingia majini, na mfunga kamba akaja kufungua kamba yake.

Picha iliyotoka ilikuwa bora kuliko zote alizowahi kupiga. Aliichapisha studio mjini, kubwa kama mlango wa kabati, na mwenye studio, mtu wa maneno mengi, aliitazama kisha akamwambia tu aishike pembeni isipate alama za vidole. Asubuhi iliyofuata mpiga picha na dada waliibeba wawili, mmoja huku, mmoja huku, mpaka kituo cha abiria. Wanawake wengine walifuata nyuma. Hakuna aliyepayuka. Walikuwa na matumaini, na mtu mwenye matumaini hutembea taratibu.

Bwana Subirini aliwapokea kwa heshima zote. Aliagiza picha iegemezwe ukutani, akavaa miwani, akainama. Aliitazama kwa muda mrefu, akifuatisha kwa kalamu bila kuigusa.

"Hili bomba la moshi ni lake," alisema.

"Ni lake," dada alijibu.

"Na hili ni gati la tatu."

"Ndilo."

"Na hawa ni abiria wetu." Kalamu ikasimama juu ya vile vichwa vilivyobanana, ikakaa hapo kidogo, ikasogea. "Wamejaa kweli. Na huyu mwenye feni?"

"Mume wangu," dada alisema. "Sasa tazama majini, baba. Meli haipo. Tunaomba mtamke tu kwamba haipo. Hatuna ugomvi na mtu."

Bwana Subirini akavua miwani. Usoni alikuwa na furaha, furaha ya kweli, ya mtu aliyetuliwa mzigo aliobeba siku nyingi. Akamwita mtu wa ubao.

"Futa imechelewa," alimwambia. "Andika imewasili."

Mpiga picha alipigwa na butwaa. Kivuli hakikuwa kimemshangaza. Vivuli huja na kuondoka, na yeye riziki yake ilikuwa kwenye mwanga na giza. Lakini huyu mtu alikuwa amewatazama watu wale wote kwa macho yake mawili, amewaona wamerundikwa, amewaona wameinama na meli yao, na kitu cha kwanza alichofikiria kilikuwa ubao. Mpiga picha akasogea mbele.

"Hicho ni kivuli!"

"Kivuli cha nini, dada yangu?" Bwana Subirini alimuuliza mpiga picha.

"Cha meli. Lakini…"

"Cha meli. Umesema mwenyewe. Kivuli kinatangulia peke yake wapi? Na wewe ni mtaalamu, una kibali chetu, umeipiga ikiwa gatini, abiria wanashuka. Tungepata wapi ushahidi mzuri kama huu?" Akamshika mkono kwa mikono miwili. "Umetusaidia sana. Hii tunaitundika ukumbini."

"Kama wameshuka, wako wapi?" dada aliuliza.

Bwana Subirini akamtazama kwa huruma. Alikuwa na huruma, hilo nalo lisemwe.

"Mama, sisi tunasafirisha mpaka gatini. Mtu akishashuka, anakokwenda ni mambo yake. Wanaume ndivyo walivyo."

Vipaza sauti vikakoroma, kisha sauti nzuri ya kike ikatangaza mji mzima kwamba meli iliyochelewa imewasili salama gati la tatu, na wenye jamaa zao wanaombwa kuwapokea. Ikarudia. Mmoja wa wanawake waliokuwa mlangoni akatoka mbio kuelekea gatini, akijua kabisa anachokwenda kukikuta. Mwingine akakaa chini palepale akaanza kucheka, ikabidi ashikwe. Mpiga picha alirukia ile picha aichane. Walinzi wawili wakamtoa nje bila kumuumiza, wakamkabidhi begi lake la kamera, wakamwambia aangalie ngazi, zinateleza.

Nje walikaa kwenye ukuta wa bandari, yeye na dada yake. Mpiga picha alimwambia samahani.

"Usijali," dada alisema. "Nami niliona ni wazo zuri."

Kufikia adhuhuri habari ilikuwa imeshaota miguu. Sokoni walisema watu wamerudi. Kwa nini basi hawaonekani majumbani? Hapo watu wakaanza kukumbuka vitu. Fulani alikuwa na mke wa pili upande wa pili wa maji, hilo lilijulikana. Fulani alikuwa hapatani na mkewe tangu zamani. Mwenye duka la mtaani kwa dada, ambaye miaka yote alimwita shemeji na kumpimia sukari kwa mkono mkunjufu, leo alimpimia kwa mkono mwingine, akamuuliza polepole kama kulikuwa na ugomvi wowote kabla ya safari.

Walipofika nyumbani walimkuta mama mkwe amekaa kibarazani. Uwanja ulikuwa umefagiliwa, maji ya kuoga yamechotwa ndoo nzima, shuka za kitanda kikubwa zimebadilishwa. Yeye mwenyewe alikuwa amevaa gauni la sherehe na kupaka mafuta miguu. Alivisikia vipaza sauti, si alikuwa na masikio? Aliuliza mwanawe amebaki wapi. Dada akasema hayuko nao. Mama mkwe akaitikia kwa kichwa, akaendelea kutazama barabara.

Alitazama mchana wote. Kila aliyepita alimtazama miguu kwanza, kisha uso. Mpiga picha alimletea chai, ikapoa. Alijaribu kumweleza, kwa maneno mepesi aliyoyapanga njiani: mama, ni kivuli, ni kile kile cha kila siku, wamebadilisha ubao tu, kosa ni langu. Mama mkwe alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia mgeni usijisumbue na mambo ya nyumba za watu.

Jua liliposhuka nyuma ya mapaa, mama mkwe akainuka, akaingia ndani, akakaa kwenye kiti cha sebuleni. Akamwita mkwewe. Hakupandisha sauti. Tangu dada aolewe, huyu mama hakuwahi kumpandishia sauti.

"Mwanangu amefika tangu asubuhi," alisema. "Mji mzima umetangaziwa. Watu wamepita hapa wakiniangalia. Umemkosea nini mwanangu, mpaka hataki kuingia ndani ya nyumba yake?"

Mpiga picha alisimama mlangoni. Alimtazama dada yake, akingoja apige kelele, avunje kitu, alie basi, walau alie. Dada alivua viatu. Akakaa sakafuni karibu na miguu ya mama mkwe, akakunja mikono mapajani, na macho yake yalikuwa makavu kabisa.

"Sijui, mama," alisema. "Kesho nitakwenda gatini kumuomba radhi."

"Hayo ndiyo maneno," alisema mama mkwe.