Siku Niliyompeleka Tunu Ukumbini kwa Mkweche

Jana usiku niliota harusi ya mdogo wangu Tunu imehamishiwa ndani ya gemu, na katika kamati nzima hakuna aliyeona ajabu.

"Kumbi zote za mjini zimejaa," Mjomba Pazi, mwenyekiti wa kamati, aliwaeleza wajumbe. "Ndani ya gemu kuna ukumbi mmoja mzuri, una feni. Ila una sharti. Ukumbi wenyewe ndio mwisho wa mashindano ya magari. Anayefika wa kwanza anafunguliwa mlango. Kwa wengine wote, mlango unabaki picha tu ukutani."

Wajumbe wakaona ni sharti la kawaida. Wakanigeukia mimi, kwa sababu katika ukoo wetu mimi ndiye ninayecheza gemu hilo kila siku, nikishindana mtandaoni na watu nisiowajua. Wasichojua ni kwamba sijawahi kushinda. Mimi ni mtu wa kusimama kwenye taa nyekundu. Wenzangu wanapita juu ya bustani, wanavunja vibanda, wanaruka madaraja. Mimi nawasha indiketa. Huko wananiita Mzee wa Breki.

"Kibwana," Mjomba akasema, "usipofika wa kwanza, mdogo wako hana pa kufanyia harusi. Na shangazi zako wameshashona sare."

Tunu keshavaa shela. Ananitazama kwa macho ya mtu ambaye ameshaniamini, na hilo ndilo linalonitisha kuliko yote.

Nageuka kutafuta mlango wa kutokea, kumbe tayari tupo gereji. Magari yamejipanga, na juu ya kila moja imening'inia mistari minne ya sifa zake: mwendo, kuchomoka, breki, kukamata barabara. Ni magari ambayo nimeyatamani miaka yote.

La kwanza ni Radi, jekundu, limelala chini hata paka hapiti uvunguni. Mstari wake wa mwendo ni mrefu mpaka umetoboa paa.

"Shikamoo," nikaliambia, kwa heshima ya ule mstari.

"Marahaba. Nani anapanda?"

"Bibi harusi, mpambe wake, na shela."

"Nina siti mbili tu, na ya kwako ni moja. Shela lina mkia mrefu?"

Tunu akauonyesha. Radi likashauri shela lifuate kwa miguu.

Tukasogea. Tiara, gari linalopaa, lilituomba radhi: linaogopa urefu, na kila linaporuka huwa limefumba taa. Kifaru, lenye vyuma vya kuzuia risasi na bunduki mbili kwenye boneti, lilikataa kufungua mlango mpaka tuseme vita ni na nani. Nikaliambia hakuna vita, ni harusi. Likauliza upande wa bwana harusi wako wangapi.

Mwisho kabisa, nyuma ya lundo la matairi, kulikuwa na mkweche mmoja mweupe. Mistari yake yote minne ilikuwa mitupu.

"Mwendo sina, mwanangu," mkweche ukasema. "Ila siti ya nyuma ni pana, na milango yote inafunguka. Mmoja kwa kamba."

Tunu akakusanya shela, akaingia. Nasra, mpambe wake, akaingia. Mkia wa shela ukaingia wote. Nikashika usukani.

Bendera ikashushwa na magari yote yakaondoka. Radi lilikuwa limeshapata dereva mwingine. Lilipita kwa kasi mpaka mlio wake ukalifuata baadaye. Vumbi lilipotulia tulikuwa peke yetu, na angani pakaandikwa kwa herufi kubwa: MZEE WA BREKI, NAFASI YA MWISHO.

"Kaka, wewe ndiye wa mwisho?" Tunu akauliza.

"Kwa sasa."

"Kwa sasa tangu lini?"

Nasra akatuomba tusigombane, ni siku ya furaha.

Roho iliniuma. Mbele yetu barabarani ulilala ule mstari wa njano ambao gemu huuchora kumwonyesha dereva njia. Tunu akatoa kichwa dirishani. "Ule si utepe?" akasema. Nikashuka, nikaushika. Ulikuwa utepe kweli, wa kitambaa laini. Nikakata kipande kwa meno, nikakifunga kwenye boneti kutoka taa hadi taa, fundo katikati, kama tunavyofunga kwetu. Nilijiambia, hata kama nitafika wa mwisho, mdogo wangu hatapita mjini bila kupambwa. Kisha nikawasha indiketa za pande zote mbili kwa pamoja, zikawa zinawaka na kuzima.

Hapo lami ikapasuka taratibu, bila fujo, na pikapu ikapanda kutoka chini, imebeba wapiga matarumbeta waliovaa sare. Mpiga picha ameketi nyuma, miguu inaning'inia, kamera imetuelekea.

"Tumechelewa?" akauliza mpiga ngoma.

"Kidogo."

"Basi twende mwendo wa harusi," akasema, na wakaanza kupiga.

Mwendo wa harusi ni wa polepole. Huo ndio mwendo wangu, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kucheza gemu hakuna aliyenihimiza.

Matarumbeta yanasikika jiji zima. Kwenye makutano ya kwanza tunakuta gari limesogea pembeni, dereva amevua kofia. Tunampita, anaunga nyuma yetu na kuwasha indiketa zake. Kwenye daraja yamesimama mengine, yanatupisha, nayo yanaunga. Hakuna aliyewaambia. Kila mmoja amekulia mahali ambapo gari la bibi harusi linapishwa na halipitwi. Kifaru limefunga maputo kwenye bunduki zake. Tiara linapaa kimo cha goti, taa zimefumbwa. Radi linakuja kwa gia ya kwanza, limechemka, linatoa mvuke, lakini halithubutu kupita.

Taa nyekundu. Nasimama. Msafara wote unasimama nyuma yangu. Trafiki wa pale, ambaye tangu gemu litengenezwe hajawahi kuona gari likisimama, anapiga saluti huku machozi yanamtoka. Taa inageuka kijani. Namshukuru, tunaondoka.

Ukumbi ulikuwa umeshaonekana pale gari jeusi lilipochomoka kutoka nyuma, likapita kushoto kwetu juu ya maua. Juu yake lilielea jina la mchezaji: MFALME WA LAMI. Mlango wa ukumbi ukaanza kumfungukia. Tunu akanishika bega kwa nguvu. Matarumbeta yakasita.

Ndipo kwenye vipaza sauti vya jiji zima ikasikika sauti ya mama wa Kimombasa, na vyombo vikigongana karibu yake.

"Wewe Idrisa! Huyo si bibi arusi huyo? Wampita bibi arusi, we mtoto? Huna haya?"

"Mama, hili ni gemu tu..."

"Gemu lako ndilo halina adabu? Hebu rudi nyuma! Na umpigie honi!"

Gari jeusi likafunga breki hadi matairi yakatoa moshi. Likarudi kinyumenyume, polepole, mpaka likawa nyuma yetu. Likapiga honi tatu za furaha, na sauti ya kijana ikasema, "Samahani, dadangu. Hongera."

Tukavuka. Anga lote likaandikwa NAFASI YA KWANZA, na chini yake jina langu, Kibwana, si lile la kejeli. Mlango ukafunguka wote. Shangazi zangu wakatoka na sare zao, wakapiga vigelegele mpaka picha ya jiji ikaanza kukatakata. Mjomba Pazi akanipa mkono.

"Umewahi," akasema. "Feni zinafanya kazi."

Tunu akashuka, akainua shela lake, akanikumbatia. "Kaka," akasema, "hata nukta moja sikuogopa." Nikalia. Nilifurahi mno, na mpiga picha alipoisogeza kamera usoni pangu sikumzuia.

Niliamka jua limeshaingia dirishani. Harusi ya Tunu ya kweli ni Jumamosi, na kamati bado inabishana nani aendeshe gari la bibi harusi. Runinga ilikuwa inawaka. Kwenye kioo kulikuwa na ujumbe wa gemu, kutoka kwa Mfalme wa Lami, mtu ambaye sijawahi kushindana naye wala kumwandikia.

"Kaka, samahani kwa usumbufu. Mamangu auliza, yule bibi arusi alifika salama?"

Nikakaa kitandani, nikamjibu: "Mwambie alifika. Tena wa kwanza."